CORENET X: dirisha la vibali vya ujenzi la Singapore

Huduma ya vibali ambayo serikali imeiandaa kwa kushauriana na wasanifu majengo, wahandisi na wakandarasi haipatikani kila mahali, na ndiyo maana CORENET X ya Singapore, iliyoanza kutumika kwa hiari Desemba 2023, inastahili kutazamwa kwa makini. Idhini zipatazo 20, ambazo awali ziliombwa kwa taasisi mbalimbali na kila moja kwa wakati wake, sasa zimekusanywa katika hatua kuu 3: usanifu, ujenzi na ukamilishaji.

Kilichonivutia zaidi ni modeli ya kidijitali ya jengo inayowasilishwa kwa IFC-SG, yaani muundo wa faili wa kubadilishana taarifa za majengo uliorekebishwa kwa mahitaji ya Singapore. Mlango uliochorwa humo si mistari mitupu, bali hubeba taarifa za upana wake na muda ambao unaweza kustahimili moto, hivyo mkaguzi wa zimamoto na mwenzake wa ujenzi husoma kitu kile kile, na bomba linalogongana na boriti hubainika mezani kabla zege halijamwagwa.

Gharama ipo. Ofisi ndogo zinalazimika kununua programu na kuwafundisha wachoraji wake, jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo udhaifu mkubwa wa mpango huu, ingawa ilikuwa busara kuufanya wa lazima kwanza kwa miradi mipya yenye eneo la sakafu la mita za mraba 30,000 na zaidi, Oktoba 2025. Mteja anayebadilisha ramani kila wiki (nao ni wengi) hataipenda CORENET X, kwa kuwa wataalamu wote hulazimika kukubaliana mapema.