Snæfellsnes kwa siku moja: safari ya basi inayofaa pesa yake, mradi ushushwe garini

Mtu mwenye siku moja tu ya kutoka nje ya Reykjavík, mji mkuu wa Iceland, hupelekwa moja kwa moja kwenye chemchemi za maji moto za Geysir na maporomoko ya Gullfoss, na hatuna ugomvi na maporomoko. Ila kama unataka kuona watu wa Iceland wameishije na bahari yao, nenda Snæfellsnes. Ni rasi ndefu iliyochomoza magharibi mwa nchi. Vijiji vya wavuvi vimepangana ufukweni, mashamba ya kondoo yako nyuma yake, na kwenye ncha kabisa umesimama Snæfellsjökull, mlima wa volkeno wa mita 1,446 wenye kofia ya barafu. Kampuni nyingi za mjini zinauza mzunguko huu pamoja na kiongozi: kuondoka saa mbili asubuhi, kurudi saa mbili usiku.

Kabla ya kulipa, piga hesabu ya saa. Mzunguko ni karibu kilomita 450, na mwendo wa juu unaoruhusiwa kwenye lami nje ya mji ni kilomita 90 kwa saa. Saa sita hivi zinaliwa na barabara. Zinazobaki ndizo za kutembea, kula na kujisaidia. Basi la watu 50 hutumia kama dakika kumi kila kituo kushusha na kupakia. Kwa vituo vinane hapo umeshapoteza zaidi ya saa nzima umesimama kwenye ngazi ya basi. Kwa hiyo chagua gari dogo la abiria 16 hadi 19 hata likizidi bei kidogo. Na soma ratiba yao: kama haikuandika dakika za kila kituo, waulize. Kampuni inayojua kazi yake hujibu mara moja.

Kosa la kwanza la wageni hutokea hata kabla ya safari. Mabasi makubwa hayaruhusiwi kuingia mitaa ya katikati ya Reykjavík, hivyo abiria huchukuliwa kwenye vituo vyenye namba, wala si mlangoni pa hoteli. Kila mara kuna mtu anayesubiri mapokezi huku basi linamngoja mtaa wa pili, kisha linaondoka. Angalia namba ya kituo chako usiku, na ufike robo saa mapema.

Ukishapanda, kaa kushoto. Safari nyingi huanza na pwani ya kusini kuelekea magharibi na kurudi kwa pwani ya kaskazini, kwa hiyo bahari inakuwa mkono wa kushoto karibu njia nzima. Wakizunguka kinyume chake, kaa kulia.

Njiani mnapita handaki la Hvalfjörður, kilomita 5.8, linaloshuka hadi mita 165 chini ya usawa wa bahari. Lilifunguliwa mwaka 1998. Kabla yake magari yalilazimika kuuzunguka mkono wote wa bahari. Baada yake kuna Borgarnes, mahali pa choo na kahawa. Tumia choo hata kama hujisikii, kwa sababu upande wa kusini wa rasi vyoo ni vichache sana.

Ytri Tunga, ufukwe wa sili (mamalia wa baharini), hutegemea maji. Maji yakipwa, wanyama hupanda juu ya mawe na kulala. Yakijaa utaona vichwa viwili vitatu tu majini. Kiongozi mzuri hutazama majira ya maji kabla ya kuondoka mjini na kubadili mpangilio inapobidi. Majira ya joto ndiyo wakati wake. Usiwasogelee karibu ya mita 50: wakishtuka hujitupa majini, na kundi linalofuata nyuma yenu halitaona kitu.

Búðir hutosha dakika ishirini. Kanisa lake dogo la mbao ni jeusi tii kwa sababu limepakwa lami, kama zilivyopakwa mashua, ili mbao zisiozeshwe na chumvi na mvua.

Sasa tufike penye uzito. Kati ya Arnarstapi na Hellnar kuna njia ya miguu ya kilomita mbili na nusu juu ya majabali, kupita kwenye lava iliyoota kuvu laini la kijani, na ndege wa baharini wamejaa kwenye nyufa chini yako. Kuitembea kwa raha ni saa moja. Safari nzuri huwashusha abiria Arnarstapi na kwenda kuwasubiri Hellnar. Safari dhaifu huwapa nusu saa Arnarstapi, wapige picha kwenye tao la mawe la Gatklettur, warudi garini. Hiki ndicho kipimo chetu cha kwanza cha kampuni: uliza kama njia hii inatembewa yote.

Kipimo cha pili ni Djúpalónssandur. Hapa tunasema wazi kwamba chini ya dakika 45 ni kumdhulumu abiria. Unashuka kati ya kuta za lava hadi ufukwe wa kokoto nyeusi, za mviringo na laini kama mbegu za mbuyu zilizosuguliwa. Kabla hujafika majini utakuta mawe manne yamewekwa, kila moja na jina lake: Fullsterkur kilo 154, Hálfsterkur kilo 100, Hálfdrættingur kilo 54, Amlóði kilo 23. Wavuvi wa kupiga makasia walipimwa nguvu kwayo. Aliyeshindwa kuliinua Hálfdrættingur hadi kwenye mwamba wa usawa wa kiuno hakupewa nafasi chomboni. Jaribu la kilo 54 na utaelewa haraka: ni laini, limelowa, halina pa kushika. Piga magoti, likumbatie chini kabisa, nyanyuka kwa miguu. Wanaoinama kwa mgongo ndio wanaolala na maumivu.

Vyuma vyenye kutu vilivyotapakaa hapo ni vya Epine, meli ya uvuvi kutoka Grimsby, Uingereza, iliyovunjika usiku wa Machi 1948. Walikufa 14, wakaokolewa watano. Viache vilipo, usichukue hata kipande. Na bahari usiipe mgongo. Ufukwe unashuka ghafla, wimbi moja kati ya mengi hupanda mbali kuliko wenzake, na linaporudi huburuta kokoto pamoja na miguu iliyosimama juu yake.

Ukipata muda, vuka kilima kwa njia ya mguu hadi Dritvík, kama kilomita moja. Leo hakuna kitu ila nyasi na misingi ya mawe, lakini kwa takriban karne tatu ilikuwa dago kubwa, yaani kambi ya wavuvi ya msimu. Msimu wa masika mashua hadi 60 zilikuwa zikiegesha hapa, na mamia ya wanaume wakilala kwenye vibanda vya mawe. Wenye asili ya pwani yetu, waliowahi kuona wavuvi wakihamia visiwani kufuata samaki, hawatahitaji maelezo mengi.

Upande wa kaskazini ni vijiji vilivyo hai: Hellissandur, Rif, Ólafsvík, Grundarfjörður. Kampuni nyingi huvipita kwa kioo cha dirisha ili ziwahi Kirkjufell, ule mlima wa mita 463 uliopigwa picha kupita kiasi. Tunaona wamekosea kipaumbele. Kirkjufell unaonekana vizuri kutoka barabarani, na robo saa kwenye maporomoko yake inatosha. Muda uliobaki ungefaa bandarini, mashua ndogo zinapoingia alasiri na makreti ya chewa wa huku, wenyewe humwita þorskur, yakinyanyuliwa kwa winchi. Mwambie kiongozi mapema. Kwenye gari dogo husikiliza. Rif, kuanzia mwishoni mwa Mei, angalia kichwa chako: ndege aina ya kría wanalinda mayai na hudonoa sehemu iliyo juu kabisa. Inua mkono au fimbo, wadonoe hiyo.

Shambani Bjarnarhöfn kuna jumba la makumbusho ya papa. Papa wa Greenland alivuliwa kwa ajili ya ini. Mafuta yake, sawa na sifa, yale mafuta ya papa tunayopaka majahazi, yaliuzwa Ulaya kuwashia taa za mitaani. Nyama mbichi ina sumu, kwa hiyo huvundikwa kwa wiki kadhaa, kisha hutundikwa kwenye banda lililo wazi kwa miezi. Harufu ni ya amonia, kali puani kuliko mdomoni. Anza na kipande kidogo juu ya mkate mweusi, utafune bila kuvuta pumzi kwa pua. Aliyezoea papa mkavu na ng'onda atastahimili kuliko wengi. Samaki mkavu, harðfiskur, ni rahisi zaidi: mpasue vipande, mpake siagi. Vichwa vya samaki hukaushwa pia, na soko lake kubwa ni Nigeria.

Chakula cha mchana kwa kawaida hakimo kwenye bei. Supu ya samaki ndiyo ya kuagiza, ila asiyetumia pombe aulize kama wametia divai. Soseji za vituo vya mafuta huchanganywa kondoo, ng'ombe na nguruwe, kwa hiyo Mwislamu asizile kwa kudhani ni kondoo mtupu.

Mavazi: sufu ndani, koti lisilopitisha upepo wala maji nje. Jinzi ikilowa haikauki siku nzima, na mwavuli hauna kazi hapa. Upepo hupimwa kwa mita kwa sekunde. Ukifika 20, shika mlango wa gari kwa mikono miwili unapofungua, kwani bawaba hukatika kweli. Pabaya zaidi ni chini ya mlima Hafnarfjall, karibu na Borgarnes, ambapo upepo hushuka kwa mikupuo na barabara hufungwa. Tazama vedur.is (hali ya hewa) na umferdin.is (hali ya barabara) jioni ya kabla. Kampuni ikiahirisha kwa upepo, kubali. Dai tu siku nyingine au pesa yako.

Desemba mwanga ni wa muda wa saa nne hivi tu kwa siku, kwa hiyo mtatoka gizani na pwani ya kaskazini huenda msiione kabisa. Mei hadi Septemba ndiyo miezi tunayoipendekeza kwa safari hii.