Jumamosi Tano za Uongozi kwa Wahandisi Wanafunzi: Tathmini ya Kozi Tuliyoilipia

Mwezi uliopita kozi fupi ya uongozi na usimamizi ambayo ofisi yetu iliwalipia vijana wanne ilifikia tamati, na kwa kuwa mimi ndiye niliyesaini hati ya malipo na ndiye niliyekaa nao viti vya nyuma kwa Jumamosi zote tano, naona ni haki nieleze tulichokipata na tulichokilipia bila kukipata. Wawili kati yao ni wanafunzi wa mwaka wa nne wa uhandisi ujenzi waliokuwa kwetu kwa mafunzo kwa vitendo. Wawili wengine ni wahitimu walio katika SEAP, ule mpango wa miaka mitatu ulioanzishwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi mwaka 2003 ili mhitimu afanye kazi chini ya mhandisi aliyesajiliwa kabla naye hajaomba usajili kamili. Mwandaaji wa kozi sitamtaja kwa jina, kwa sababu baadhi ya niliyonayo si ya kumsifu, na pia kwa sababu kozi za namna hii sasa zinatangazwa kila kona ya Dar es Salaam na zinafanana kiasi kwamba mengi ya haya yatamfaa anayefikiria kulipia yoyote kati yake.

Ada ilikuwa shilingi 350,000 kwa kila mshiriki, pamoja na chai, chakula cha mchana na cheti. Ratiba ilisema tutaanza saa tatu asubuhi. Jumamosi ya kwanza tulianza saa nne na robo, na mada ya kwanza ilikuwa matumizi mazuri ya muda.

Nieleze kwanza kwa nini niliwapeleka. Mhitimu anapofika kwenye eneo la ujenzi huwa anajua kukokotoa nguvu za boriti kuliko mtu yeyote aliyepo pale, lakini siku hiyo hiyo anakabidhiwa mafundi thelathini, mtunza stoo mwenye daftari lake la siri, na nyapara mwenye umri wa baba yake ambaye amemwaga zege tangu kijana huyo hajazaliwa. Hakuna hata mmoja kati yao atakayemuuliza wastani wake wa alama. Mkataba wa Washington wa 1989, ambao nchi wanachama wake hutambuliana shahada za uhandisi, unahesabu kazi ya pamoja, mawasiliano na usimamizi wa miradi na fedha miongoni mwa sifa ambazo mhitimu lazima awe nazo, sambamba kabisa na hesabu na usanifu. Vyuo vyetu navyo havijalala, kwani somo la usimamizi lipo kwenye mitaala. Nilipolisoma mimi nilipata alama nzuri sana kwa kukariri kazi za meneja kwa mpangilio wake, kisha miezi michache baadaye nikashindwa kumwambia fundi mmoja avunje ukuta uliopinda. Nilitaka vijana hawa wasianzie pale nilipoanzia.

Jumamosi ya kwanza haihitaji maneno mengi. Zilikuwa slaidi za aina za uongozi, ya imla, ya kidemokrasia na ile ya kuachia kila mtu afanye atakavyo, zikafuatiwa na dodoso la kumwambia kila mshiriki yeye ni kiongozi wa aina gani. Vijana wangu wote wanne walitoka wa kidemokrasia. Kwa kuwa majibu yanayopendeza yalionekana waziwazi, sijui ni nani angekubali kutoka dikteta.

Ya pili ilikuwa ya upangaji wa kazi, na hapo mkufunzi alijua anachokifundisha. Alieleza vizuri jinsi kampuni ya DuPont na Jeshi la Wanamaji la Marekani, kila upande kwa njia yake mwishoni mwa miaka ya 1950, walivyobuni namna ya kuutafuta ule mlolongo wa kazi ambao ikichelewa mojawapo kwa siku moja mradi mzima unachelewa kwa siku moja. Tatizo lilikuwa zoezi lenyewe. Washiriki walipewa mradi wa jengo la maduka lenye shughuli 140, tayari zimeingizwa kwenye programu ya kompyuta, wakabonyeza, mistari ikatokea ya bluu na myekundu, wakashangilia. Mhandisi kijana hatakutana na ratiba ya namna hiyo kwa miaka mingi, na akikutana nayo atakuwa ameikuta imeshatengenezwa. Atakachokutana nacho ni saa moja na nusu asubuhi yenye manyunyu, lori la nondo halijafika, mafundi wa mbao wamekuja wawili badala ya sita, na watu wote wanamtazama yeye wakisubiri kugawiwa kazi. Hilo halikuulizwa na hakuna aliyelijibu.

Jumamosi ya tatu ndiyo iliyonifanya niache kuangalia saa. Alikuja mhandisi mshauri mstaafu, bila kompyuta, akiwa na bahasha za kaki. Kila kundi lilipewa bahasha moja yenye nakala za barua kutoka mgogoro halisi wa mkandarasi na mwajiri wake, majina yote yamefutwa kwa wino mweusi, na swali lilikuwa moja: mkandarasi huyu alipoteza haki yake siku gani? Masharti ya mikataba ya mwaka 1999 ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, ambayo miradi mingi ya huku imeyatumia, yanamtaka mkandarasi anayedai muda au malipo ya nyongeza atoe taarifa ndani ya siku 28 tangu alipojua, au alipopaswa kujua, tukio lililosababisha dai hilo. Akipitisha muda huo, dai lake linakufa hata kama lilikuwa la haki tupu. Kundi letu lilichukua dakika hamsini kuipata barua yenyewe, iliyoandikwa kwa Kiingereza cha adabu sana, ikilalamikia kucheleweshewa sehemu ya kiwanja, na ilikuwa imetumwa siku ya arobaini na moja. Mmoja wa wanafunzi aliuliza kwa mshangao kama kweli fedha zote zile zilipotea kwa sababu ya barua. Mzee akamjibu, "Barua yenyewe ilikuwa ya mistari mitatu, kijana. Kilichokosekana ni mtu wa kuiandika mapema."

Kisha akawataka waandike barua hiyo, mistari mitatu, kwa robo saa. Waliandika kurasa. Ilibidi warudie mara tatu, na mara ya tatu ndipo mimi mwenyewe nilipogundua kwamba barua nilizokuwa nikiwatuma vijana waandike ofisini nimekuwa nikizirekebisha kimyakimya badala ya kuwarudishia. (Niongeze kwamba ugomvi wote wa kiwanjani hutokea kwa Kiswahili, lakini barua za kuueleza lazima ziwe kwa Kiingereza cha mkataba, na katika kuvuka huko mengi hubaki njiani. Kozi yoyote ya usimamizi kwa wahandisi wa Tanzania ingetenga saa mbili kwa jambo hilo tu.)

Jumamosi ya nne tulihamia uani, na kwa siku hiyo peke yake ningekuwa tayari kulipa nusu ya ada yote. Kila kundi lilitakiwa kumwaga jamvi dogo la zege, la mita mbili kwa mita moja, unene wa sentimita kumi, kwa uwiano wa 1:2:4 wa saruji, mchanga na kokoto. Saruji ilipimwa ikatolewa mfuko mmoja na robo kwa kila kundi, yaani kiasi kinachotosha bila ya kuchezea. Washiriki hawakuruhusiwa kushika beleshi. Kazi ilikuwa ya fundi mmoja mzee, mwenye miaka sitini na zaidi, na vibarua wawili, na kila robo saa kiongozi wa kundi alibadilishwa. Wasichokijua ni kwamba fundi na vibarua wake walikuwa wameelekezwa pembeni waongeze maji kwenye zege, kama inavyofanywa kila siku na watu wanaotaka lichanganyike kirahisi, ingawa maji ya ziada hulidhoofisha.

Zamu ya uongozi ilipomfikia binti mmoja kati ya vijana wangu wa mwaka wa nne, ndoo ya tatu ya maji ilikuwa inaelekea kumwagwa. Aliiona. Alimsogelea fundi, akamwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, kisha akasema, "Samahani fundi, naona kama zege limekuwa jepesi kidogo."

"Ndiyo, injinia," akajibu fundi kwa furaha, "linateleza vizuri hilo." Na ndoo ikamwagwa.

Binti akabaki amesimama na kitabu chake cha kumbukumbu mkononi. Kijana aliyempokea zamu aliamua kwamba upole ndio uliokuwa kosa, akaja na sauti ya juu, akauliza nani amewaruhusu kuweka maji na kama wanajua wanachokifanya. Vibarua waliweka mabeleshi chini, wakakaa kwenye toroli, na fundi akaanza kutafuta miwani yake ambayo ilikuwa kichwani. Dakika kumi na moja zilipita bila mtu kufanya lolote, na saruji iliyokwisha kuguswa na maji haimsubiri mtu. Walipoleta koni ya kupimia ulaini wa zege, ile ya kimo cha sentimita 30, na kuinyanyua, zege lilishuka kwa sentimita 18 na kutandaa kama uji.

Saa ya mjadala iliyofuata iliendeshwa na fundi mwenyewe, na huo ndio ulikuwa uamuzi bora wa mwandaaji katika kozi nzima. Alikaa kwenye kiti kama mkufunzi, mikono ikiwa bado na saruji, akaanza na binti. "Ulinisalimia vizuri, na mimi nikakuheshimu. Lakini hukuniambia unataka nini. Uliniambia unavyoona." Kwa yule kijana alisema kwamba alichokitaka kilieleweka, isipokuwa hakumwachia mtu njia ya kukitekeleza bila kuaibika mbele ya vibarua wake. Kisha akaonyesha yeye angependa kuambiwaje: salamu, kosa lenyewe kwa kipimo, la kufanya, na saa ya kurudi kukagua. "Maji yaishie hapo. Mchanganyiko huu usiende kwenye jamvi. Nakuja saa tano kamili na koni." Aliyasema hayo bila kupandisha sauti wala kuishusha, na ukumbi ambao kwa Jumamosi mbili ulikuwa ukichezea simu ulikuwa unaandika.

Chuo cha MIT, Marekani, kina programu ya uongozi kwa wanafunzi wa uhandisi iliyoanza mwaka 2007 kwa msaada wa mfuko wa Bernard Gordon, na sehemu yake kubwa ni maabara ya kila wiki ambamo wanafunzi wanapokezana kuongoza kazi na kukosolewa na wenzao papo hapo. Uani kwetu njia ilikuwa ile ile. Kilichoongezeka ni mkosoaji ambaye ndiye aliyekuwa akiongozwa, na mimi naona hilo ni jambo kubwa, kwa kuwa wanafunzi wanapokosoana wenyewe kwa wenyewe husameheana sana.

Jumamosi ya mwisho ilipewa maadili. Tulionyeshwa mkasa wa Challenger, chombo cha anga cha Marekani, wa Januari 1986, jinsi wahandisi wa Morton Thiokol, kampuni iliyotengeneza roketi zake za kurushia, walivyotaka chombo kisirushwe katika baridi iliyo chini ya nyuzi 12 za Selsiasi, jinsi mmoja wa viongozi wao alivyoambiwa avue kofia ya uhandisi na kuvaa ya umeneja, na jinsi watu saba walivyokufa sekunde 73 baada ya kuruka. Ni mfano mzuri na ulielezwa kwa uangalifu. Lakini tulikuwa tumekaa mwendo mfupi wa daladala kutoka Mtaa wa Indira Gandhi, ambako Ijumaa Kuu ya 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa liliporomoka na kuua watu 36. Nilipouliza kwa nini tusiutazame mkasa huo pia, nikajibiwa kwamba muda hautoshi. Muda ulitosha kwa hotuba nne kabla ya vyeti.

Lipo lingine lililoniudhi zaidi. Washiriki ishirini na wawili, watano wakiwa wanawake, na hakuna mahali popote kozi ilipogusa yale yanayompata mhandisi wa kike kiwanjani, kuanzia anayepewa maelekezo kupitia kwa dereva wake hadi anayeitwa "dada" wakati mwenzake mwenye cheo hicho hicho anaitwa "injinia". Binti yetu aliuliza Jumamosi ya kwanza. Jibu alilopewa lilikuwa ajiamini.

Hata hivyo fedha haikupotea. Wiki tatu baadaye nilikuwa ghorofa ya juu ya mradi wetu nikamwona binti yetu chini, mbele ya nguzo iliyosukwa ringi, vile vyuma vyembamba vya kuzifunga nondo pamoja, kwa nafasi ya sentimita 30 badala ya 20 zilizo kwenye mchoro. Alimwamkia fundi, akafungua futi yake ya mkanda, akaishikiza kwenye nondo ili fundi aisome mwenyewe, akanyoosha kidole kutoka ringi ya nne hadi ya tisa, kisha akaonyesha saa yake. Maneno sikuyasikia. Saa nane alirudi na futi, na ringi zilikuwa zimefumuliwa.

Kwa anayetaka kulipia kozi ya aina hii, ningemshauri aulize kwanza ni saa ngapi mshiriki atakuwa amesimama akiwaongoza watu wasiokuwa wanafunzi wenzake. Kwetu zilikuwa sita kati ya thelathini. Niliuandikia uongozi wa kozi nikaomba vijana wawili wa awamu ijayo waanzie Jumamosi ya tatu kwa ada pungufu, wakanijibu kwamba cheti hakitolewi kwa aliyekosa siku. Nimelipa ada kamili, na nimewaambia Jumamosi ya nne wavae buti.