Mboji ya tope la maji taka: nimeunguza miche, nikatukanwa juu yake

Sina kinyaa. Samadi nimeishika miaka na miaka, na tope la maji taka likiozeshwa vizuri pamoja na maranda ni mbolea kama nyingine. Aliyenichefua ni muuzaji.

Magunia yalifika ya moto. Nilipofungua la kwanza mvuke ukanipanda usoni, macho yakaniwasha kama nimechungulia shimo la mkojo. Hiyo ni amonia, na mboji iliyoiva haina amonia wala joto. Nikampigia.

“Ndugu yangu, ulitaka inukie marashi? Imeiva hiyo, tumia.” Akacheka, akakata simu.

Na mimi, mjinga wa kuaminiana, nikajaza viriba: mboji nusu, udongo nusu. Haikuisha wiki, miche ya mikaratusi ikaanza kukauka ncha za majani. Nikang'oa mmoja. Vimizizi vyeusi, vinakatika kama uzi uliooza. Nikapiga tena simu. Eti namwagilia kidogo. Nilipopiga mara ya tatu, eti namwagilia sana! Viriba zaidi ya mia tatu nimevimwaga kwa mkono wangu. Nyota moja, na hiyo ni kwa vile sifuri haipo.

Sasa nibanwe na ukweli. Gunia moja lilisahaulika nyuma ya kitalu, mdomo wazi, likanyeshewa msimu mzima. Nililikuta limepoa, linanukia udongo wa msituni, mche wa nyanya umejiotea juu yake. (Huo nao ni ushahidi kwamba muuzaji hakuiozesha vizuri. Mbegu ya nyanya hupita tumboni salama. Rundo lingegeuzwa likashika nyuzi 55 kila upande kwa siku za kutosha, ingekufa pamoja na mayai ya minyoo. Nikavaa glavu.) Nikachanganya sehemu moja kwa tatu za udongo.

Jamani, miche ile! Shina nene, majani ya kijani kinachoelekea weusi, na mizizi imeshika udongo hata kiriba ukikichana hausambaratiki. Samadi haijawahi kunipa hivyo. Basi mboji naipa nyota nne. Tatu, nikikumbuka nyanya. Yeye abaki na yake moja.

Juzi kapiga mwenyewe. Kasikia miche imestawi, anaomba picha za kutangazia biashara. Nimemtumia ya ile mizizi myeusi.