Kibao cha 8085 cha mtumba: kitufe cha C kimechoka, mengine yako sawa

Nimekaa na kibao hiki miezi mitatu. Nilikipata Kariakoo, kwa jamaa anayeuza vifaa vya maabara vilivyostaafu: bodi moja ya kujifunzia, chipu ya 8085 (prosesa ya Intel), vitufe vya heksa (namba za msingi wa 16) 0 hadi F, na tarakimu sita nyekundu, nne za anwani na mbili za data. Asembla, programu ya kugeuza majina ya amri kuwa namba, hakina. Unaandika programu kwenye daftari, unatafuta namba ya kila amri kwenye jedwali, kisha unabonyeza baiti mojamoja.

Chuoni tulizikariri aina za amri kama shairi: za kuhamisha data, za hesabu, za mantiki, za kuruka, na za staki na udhibiti. Mtihani nilifaulu, kuelewa sikuelewa. Hapa vidole ndivyo vinavyosoma. MOV A,B (nakili rejista B, kihifadhi kidogo ndani ya chipu, kwenda rejista A) ni 78, baiti moja, basi. MVI A,05 (weka 05 kwenye A) ni mbili: 3E, 05. STA 2050 (hifadhi A kwenye anwani 2050) inataka tatu: 32, 50, 20. Ndiyo, 50 kwanza, maana nusu ya chini ya anwani hutangulia. Ukizigeuza utalisubiri jibu pale 2050 mpaka kuche.

Lawama yangu ni kwa kijitabu chake. Kimepanga amri vizuri kwa makundi, ila hakisemi zipi zinagusa bendera, zile biti za prosesa zinazoonyesha jibu lilikuwaje, mfano kama ni sifuri. Niliandika kitanzi cha kuchelewesha taa: LXI B (weka hesabu kwenye jozi ya rejista B na C), halafu DCX B (punguza moja), halafu JNZ (ruka kama si sifuri) irudi juu. Taa ikawaka, ikaganda hapohapo. Nikakagua waya, nikabadili taa, nikalaumu umeme wa mtaa. Siku mbili! Kumbe DCR, inayopunguza rejista moja, huigusa bendera ya sifuri. DCX, inayopunguza jozi nzima, haigusi bendera hata moja. JNZ ilikuwa inasoma habari za jana. Dawa yake: baada ya DCX weka MOV A,B, kisha ORA C. ORA ni ya mantiki: hapa huziangalia B na C kwa pamoja, nayo huziweka bendera upya.

Binti yangu, anayesoma kompyuta, alicheka: “Baba, chipu ya 1976?” Nikamwambia ajumlishe namba mbili tu. Akasahau HLT (amri ya kusimama) mwishoni, prosesa ikapitiliza kwenye takataka za kumbukumbu, tarakimu zikazima zote. Hakucheka tena jioni ile.

Ukikiona kingine, nunua, lakini jua kwamba RAM yake, kumbukumbu inayoshika programu, haina betri. Umeme ukikatika, kazi yote imekwenda, kwa hiyo daftari lisikae mbali. Na kijaribu kitufe cha C kabla ya kutoa hela. Changu lazima nikikandamize kwa kidole gumba. Amri hizi za kuruka zote zinakihitaji: JNZ ni C2, JMP ni C3, JZ ni CA, CALL ni CD, RET ni C9. Aliyekimiliki kabla yangu alikuwa mtu wa kurukaruka sana.