Nimehamia Plasma kwa Sababu ya Vitufe Viwili Tu

Angalieni mkono wangu. Kidole gumba kiko kwenye kile kitufe chenye alama ya dirisha, cha shahada kiko kwenye V. Nabonyeza. Mmeiona hiyo orodha iliyochomoza hapo pembeni ya kishale? Basi hiyo ndiyo video ya leo. Mengine yote nitakayosema ni nyongeza.

Haya, karibuni tena kwenye chaneli. Kwa mgeni, hapa tunazungumzia programu huria, hasa zile unazokutana nazo kila unapowasha kompyuta, na kubishana tunabishana kweli. Leo ni KDE Plasma 6, yaani madirisha, menyu na kila unachokiona kwenye skrini ya Linux, kinachotengenezwa na mradi wa KDE. Nimekaa nayo mwezi mzima kwenye mashine ninayofanyia kazi, sio ile kuukuu ya majaribio mnayoionaga. Na kabla hamjaniuliza, sitawaonyesha namna ya kuisakinisha, sitawaonyesha mandhari, wala sitawasomea inakula kumbukumbu kiasi gani ikiwa imekaa kimya. Video za hivyo zimejaa, na Plasma 6.0 yenyewe ilitoka tarehe 28 Februari 2024, sio kitu kigeni tena. Madirisha yanasogea vizuri, Wayland, mfumo mpya wa kuchora madirisha kwenye skrini, inafanya kazi, twende.

Nataka kuzungumzia kunakili na kubandika.

Msicheke! Hebu jiulize, kwa siku moja unafungua menyu ya programu mara ngapi? Mara kumi labda. Unabadilisha mandhari mara ngapi? Hata mara moja kwa mwezi haifiki. Sasa unanakili na kubandika mara ngapi? Unaona. Halafu watu tunakesha tukibishania rangi za aikoni.

Tuifungue tena. Hii orodha inatoka kwenye programu iitwayo Klipper, inakuja na Plasma yenyewe, hupakui chochote. Kila unachonakili kinaingia humu. Cha mwisho kinakaa juu, cha zamani kinasukumwa chini. Ukiikuta ilivyo, inahifadhi vipande ishirini. Mimi nimepandisha hadi 200 kwa sababu nina tamaa. Sasa tazama. Tuseme asubuhi nilinakili amri fulani ndefu, na tangu hapo nimeshanakili mambo mengine thelathini. Ningefanyaje zamani? Ningerudi kuitafuta kwenye ukurasa nilikoitoa, vichupo arobaini viko wazi, sikumbuki ni kipi. Hapa nabonyeza vitufe vyangu viwili, naandika herufi tatu, "ffm", orodha inajichuja, amri yangu hiyo hapo. Ingiza. Imekaa. Sikugusa kipanya.

Ngoja, bado. Napitisha kishale juu ya hiki kiungo. Pembeni yake mnaona vitufe vidogo vidogo? Kimoja cha kuhariri, kimoja cha kufuta, na hiki hapa chenye miraba miraba. Nakibonyeza. Msimbo wa QR! Nachukua simu, naielekeza kwenye skrini… imesoma, ukurasa umefunguka kwenye simu. Hakuna waya, hakuna akaunti, hakuna kujiandikia barua pepe mwenyewe. Wangapi hapa hujitumia barua pepe ili kuhamisha kiungo kimoja tu? Msinifiche, mimi nimefanya hivyo miaka.

Nilijaribu kuusumbua kidogo. Neno moja, unasoma papo hapo. Aya moja, miraba inakuwa midogo, simu inasitasita, inasoma. Makala nzima ikagoma, na ina haki ya kugoma, maana msimbo wa QR mkubwa kuliko yote unabeba baiti 2,953 basi, na hata kabla hujafika huko kamera ya simu imeshakata tamaa. Kwa viungo, nywila ya Wi-Fi ya kumpa mgeni, namba ndefu ndefu, inatosha kabisa. Najua kuna mtu anaandika sasa hivi kwamba KDE Connect, ile programu ya kuunganisha simu na kompyuta, inafanya hayo hayo na zaidi. Ndiyo, inafanya. Ila KDE Connect lazima uiweke kwenye simu pia, halafu muunganishe vifaa. Hii inasomwa na simu ya mtu yeyote aliyepita mezani kwako.

Sasa niwaonyeshe kitu ambacho wengi wenu mnakitumia bila kujua kipo. Nachagua hili neno kwa kipanya. Nimelichagua tu, sikubonyeza Ctrl wala nini. Naenda dirisha lingine, nabonyeza gurudumu la kipanya, silizungushi, nalibonyeza. Neno limebandikwa. Linux ina ubao wa pili! Kile ulichokichagua kwa kipanya kinakaa kwenye ubao wake, na kile ulichonakili kwa Ctrl+C kinakaa kwenye ubao mwingine, haviingiliani. Kwenye kompyuta mpakato isiyo na kipanya, gusa padi kwa vidole vitatu kwa pamoja, ni kitu kile kile. Ukiuzoea ubao huu huwezi kurudi nyuma, hasa kwenye terminali, lile dirisha la kuandika amri, kwa sababu kule Ctrl+C hainakili. Inaua. Niliwahi kuua kazi ya kubadilisha video iliyokuwa imebaki dakika chache imalizike, vidole vilikwenda vyenyewe. Kwenye Konsole, terminali ya KDE, ni Ctrl+Shift+C, ndugu zangu, muandike mahali.

Ubaya wake? Ukizungusha gurudumu huku umelikandamiza bila kukusudia, unamwaga maandishi katikati ya faili na hujui yametoka wapi. Imenitokea mara mbili mwezi huu. Nimeizoea kama mtu anavyozoea mlango unaokwama.

Na kwa nini nimetoa macho hivi kwa kitu kidogo hivi? Hebu nivute hii mashine ya pili. Hapa pana i3 tupu, programu ya kupanga madirisha tu, sijaongeza chochote. Naandika sentensi kwenye kihariri. Nainakili, Ctrl+C. Nafunga kihariri. Nafungua kingine, Ctrl+V… Hamna kitu. Narudia. Hamna. Mtu aliyetoka Windows atasema kompyuta imeharibika. Haijaharibika. Kwenye Linux, iwe X11, mfumo wa zamani wa kuchora madirisha, au Wayland, ukinakili, maandishi hayaendi popote. Programu inatangaza tu kwamba ninacho kitu, atakayekitaka aje kwangu. Ukibandika, dirisha la pili ndilo linakwenda kuliomba la kwanza. Sasa kama la kwanza umelifunga, litaombwa nani? Ni sawa na kuahidiwa kitabu na jirani, ukienda kukichukua unakuta kashahama. Ndiyo maana lazima awepo mtu wa tatu wa kukishika, na kwenye Plasma huyo ni Klipper. Nafanya jambo lile lile hapa… nanakili, nafunga, nafungua, nabandika. Ipo.

Haya, GNOME, yule mpinzani wa Plasma kwenye Linux. Najua mmeingojea.

GNOME ni nzuri, na siwatanii. Ule mtelezo wa vidole vitatu wa kuhama eneo moja la kazi kwenda lingine, bado naukumbuka, na ule wa Plasma haunipi raha ile ile. Mpangilio wake ni safi, mtu anaona kazi yake na si vitufe. Lakini ubao wenye historia hauna ndani yake. Unaongeza kiendelezi, na viendelezi vyenyewe vizuri vipo. Tatizo ni kwamba GNOME hutoa toleo jipya kila miezi sita, Machi na Septemba, na kila kiendelezi kina faili linalotaja matoleo kinayoyakubali. Kama toleo lako jipya halimo humo, kiendelezi kinalala hadi mwandishi wake akishughulikie, na mwandishi mwenyewe mara nyingi ni mtu mmoja mwenye kazi nyingine ya kumlisha. GNOME 45, Septemba 2023, ilibadilisha namna viendelezi vinavyopakiwa, ikabidi vyote viandikwe upya kwa kiasi fulani. Vyote! Kitu ninachokitumia mara mia kwa siku siwezi kukiweka rehani kwa mtindo huo.

Na huu ugomvi ni wa tangu enzi. Matthias Ettrich aliitangaza KDE tarehe 14 Oktoba 1996. Agosti 1997 Miguel de Icaza na Federico Mena wakaanzisha GNOME, kwa sababu Qt, maktaba iliyobeba KDE, haikuwa na leseni huria wakati ule. Qt ikaja kupata GPL, leseni huria, mwaka 2000, sababu ya ugomvi ikafa, ugomvi wenyewe ukabaki. Hata Linus Torvalds ameshahama hama. GNOME 3 ilipotoka 2011 aliikasirikia waziwazi akakimbilia Xfce, mpinzani mwingine mwepesi. Sasa kama aliyeandika kiini chenyewe cha Linux anahama kwa hasira, mimi ni nani nisihame kwa ajili ya vitufe viwili?

Mtu wa Xfce asinune. Clipman, Klipper yenu, ipo, ni nyepesi, inafanya kazi. Na asiyetaka kuhama kabisa aweke CopyQ, programu nyingine ya historia ya ubao, inakubali karibu kila mahali, hata Windows, na kwa uwezo inaipita Klipper mbali. Mimi ilinichosha kwa mipangilio yake. Nilitumia jioni nzima kuipanga badala ya kubandika.

Tena Windows tuipe haki yake. Ina historia ya ubao tangu mwishoni mwa 2018, vipande 25, na vitufe ni hivi hivi, dirisha na V. Kwa hiyo mliohama pale msaada wa Windows 10 ulipoisha tarehe 14 Oktoba 2025, vidole vyenu havina cha kujifunza upya. Mmeigundua hiyo tarehe lakini? Ni siku KDE ilipotimiza miaka 29. Hakuna aliyepanga, ila nilicheka peke yangu.

Sasa lawama, maana kuna walioanza kusema nimelipwa.

Mliokuja Jumanne kutafuta video ya wiki iliyopita mkakuta haipo, sababu ni hii orodha. Nilikuwa narekodi skrini, nikabonyeza vitufe vyangu kwa mbwembwe, orodha ikafunguka, na ya tatu kutoka juu ilikuwa nywila yangu. Nzima, kwa herufi nzuri, kwenye skrini ya 4K. Nimeigundua baada ya kupakia, kupitia kwa mtazamaji mmoja mwema aliyeniandikia faraghani badala ya kuiweka kwenye maoni. Kaka, Mungu akubariki. Video nimeifuta, nywila nimebadilisha.

Kosa ni langu, niliinakili kutoka kwenye faili la maandishi kama mshamba. KeePassXC, programu ya kutunza nywila, ukinakili nywila humo, inaiwekea alama ya kuiambia Klipper kwamba hii ni siri, usiihifadhi, na baada ya sekunde kumi inaifuta yenyewe kwenye ubao. Tuone… nimenakili, nafungua orodha. Haimo. Lakini faili la maandishi halina alama hiyo, na Klipper haina akili ya kubahatisha. Tena historia yenyewe hudumu hata ukizima kompyuta ukaiwasha kesho. Kwa mtu anayetumia mashine peke yake ni raha. Kwa mashine ya nyumbani inayotumiwa na watu wanne kwa akaunti moja, hapana, kwenye mipangilio ondoa tiki ya kuhifadhi historia kati ya vipindi. Mimi ningependa hilo liulizwe siku ya kwanza, kabla mtu hajaumbuka kama mimi.

Hasira yangu ya pili ni mipangilio. Plasma ina mipangilio ya mipangilio. Kupandisha ile ishirini kuwa 200 nilizunguka nikitafuta kwenye Mipangilio ya Mfumo, kumbe nilitakiwa kubofya kulia kwenye aikoni ya Klipper pale chini. Hapo mtu wa GNOME ana haki ya kunicheka.

Bei? Bure. Ila tangu 6.2, ya Oktoba 2024, mara moja kwa mwaka, mwezi wa Desemba, kinatokea kijidirisha kinachokuomba mchango kwa KDE e.V., ile taasisi yao ya Ujerumani. Kuna walioandika insha nzima za hasira. Jamani, mara moja kwa mwaka! Mimi kwenye chaneli hii nawaomba mjisajili mara tatu ndani ya dakika kumi. Na kwa kuwa nimetaja, kitufe kiko hapo chini.

Maikrofoni mpya imefika, ndiyo maana leo hamsikii feni. Na yule aliyeomba video ya kuhamisha barua pepe, nimekuandika kwenye orodha.

Kwa hiyo nabaki Plasma? Kwa sasa ndiyo. Mkiniuliza Septemba, baada ya GNOME mpya, sijui nitakuwa nimevaa shati gani. Kiungo cha maelezo ya Klipper nakiweka hapa chini, mtaniona nikikibandika ili msije mkasema natoa ahadi hewa. Dirisha, V, Ingiza…

"Kwa nini nimerudi GNOME, sehemu ya kwanza."

Hapana. Hicho ni kichwa tu, nilikuwa nakijaribu. Kiungo ni hiki kilichofuata. Hii sehemu naikata.