Hosteli za UDSM kwa mwaka wa kwanza: chumba ni nafuu, lugha yake ndiyo mtihani

Kwa anayeanza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kulala hosteli ni nafuu kuliko mtaani, na hilo halina ubishi. Geto (chumba cha kupanga) la mitaa ya jirani kama Changanyikeni, Savei au Sinza linaweza kudai kodi ya miezi mitatu hadi sita kwa mkupuo, dalali naye anataka kodi ya mwezi mmoja, na bado hujanunua godoro.

Ukipewa kuchagua, chukua Hosteli za Magufuli. Zilifunguliwa Aprili 2017, bloku 20 za kubeba wanafunzi 3,840, na ziko ndani ya kampasi ya Mlimani, kwa hiyo kipindi cha saa moja asubuhi unakwenda kwa miguu. Mabibo ni hosteli nzuri kwa anayependa soko na chakula cha bei ya mtaani, lakini iko nje ya kampasi. Foleni ya magari ya Ubungo, njiani kwenda chuo, haijui kama una testi. Ukipangwa huko, toka mapema kuliko unavyodhani inatosha.

Chumba kinaombwa kwenye ARIS, mfumo uleule wa mtandaoni wa kusajili kozi. Jina likitoka, unatengeneza kontroo namba (namba ya malipo) na kulipa kwa benki au simu. Hapa ndipo wengi wanapokwama: wanaona jina kwenye orodha, wanadhani kazi imekwisha. Kupangiwa si kulipia. Muda wa malipo ukipita, nafasi inaweza kwenda kwa mwingine. Risiti itoe nakala mbili, moja ya wardeni (msimamizi wa hosteli), moja yako. Siku ya kuingia njoo na kufuli imara, ndoo, chandarua na kamba ya kukitundika, maana chandarua cha duara kwenye dabodeka (kitanda cha ghorofa) humpa shida anayelala chini. Kile cha pembe nne kinakaa vizuri zaidi. Hita na jiko la umeme viache nyumbani. Kupika chumbani ni kosa, na hita mbili zikiwashwa pamoja, swichi inakata na korido nzima inakaa gizani. Watakutafuta.

Neno utakalolisikia wiki ya kwanza ni kubebana. Asiye na chumba analala kwa mwenye chumba, mara nyingi kitanda kimoja watu wawili. Sheria za hosteli haziruhusu, na bado linaendelea, kwa sababu vitanda ni vichache kuliko wanafunzi. Tatizo kubwa si kitanda. Ni kwamba choo, bafu na maji vilihesabiwa kwa idadi ya kwenye orodha, na kitu kikipotea, mwenye jina mlangoni ndiye anayeulizwa. Ukiamua kumbeba mtu, ongea na rumeti wako, unayekaa naye chumba, kwanza, si baada ya begi kuingia.

Boom ni pesa ya chakula na malazi kutoka Bodi ya Mikopo. Tangu 2022/23 ni shilingi 10,000 kwa siku, na huja kwa mafungu ya takriban siku 60, yaani 600,000. Ya vitabu ni 200,000 kwa mwaka. Ile 600,000 usiigawe kwa siku 60. Igawe kwa 75, upate 8,000 kwa siku, kwa sababu boom linalofuata likichelewa, mama ntilie hatapokea maelezo. Fungu la kwanza pia halitakusubiri getini: mpaka usajili ukamilike, akaunti ya benki iwe sahihi, na usaini. Jina la benki likitofautiana herufi moja na la cheti, pesa inaweza kukwama. Kwa hiyo njoo na ya kujikimu ya mwezi mzima mfukoni. Boom likichelewa sana utasikia watu wakinong'ona kunji, yaani mgomo. Mwaka wa kwanza asikimbilie mbele.

Maneno mengine ni ya darasani, ila yanaongelewa kitandani. Desa ni nakala za notisi na mitihani iliyopita, zinazouzwa steshenari. Zisome, lakini angalia mwaka, maana mhadhiri akibadilika, desa nalo limekufa. Kozi weki (testi na kazi za muhula) hubeba alama 40, UE (mtihani wa mwisho wa muhula) alama 60. Chini ya 40 kwa jumla ni sapu, yaani mtihani wa marudio, na ukiishinda unaandikiwa C hata kama ulipata 90. Ukiishindwa unakeri, yaani unairudia kozi hiyo mwaka unaofuata. GPA (wastani wa alama) ya mwaka ikishuka chini ya 1.8, huko si sapu tena, ni disko, yaani kufukuzwa masomo, na chumba unarudisha.

Ukiondoka mwisho wa mwaka, klia kwa wardeni, yaani kabidhi chumba: kabati, kioo, taa, ufunguo, kimoja kimoja vikaguliwe mbele yako, na saini yake uipate kabla hujapakia mizigo. Kilichovunjika na aliyekutangulia bila kuandikwa siku ya kuingia, utakilipia wewe.