SWMM ya bure kwenye mitaro ya Unguja, uzoefu wangu baada ya masika matatu

Nianze na hukumu kabisa, asie na muda asome hapa aende zake: kwa kuhesabu maji ya mvua sijaona kitu cha bure kinachoifikia SWMM (programu ya kompyuta ya kuhesabu maji ya mvua kwenye mitaro na mabomba), ila kwa kuchora usiitegemee hata mstari mmoja. Nyota 4 kati ya 5.

Mie kazi yangu hasa ni kuchora, niko kwenye kiofisi kidogo cha mainjinia hapa mjini Unguja, mahesabu ya mitaro yaliniangukia tu baada ya injinia wetu kijana kwenda masomoni. Tulikuwa na programu moja kubwa ya kulipia, leseni ikaisha, bosi alipoiona bei ya mwaka mwengine alinyamaza akajimiminia chai. Jamaa mmoja akasema tutafute ya kukraki, nkamwambia laptopu hii ina michoro yangu ya miaka 6, virusi vikiingia ntalia na nani? Ndo nkashusha SWMM. Wanaitoa EPA, lile shirika la mazingira la serikali ya Marekani, ilianza huko 1971 na hii tunayotumia sasa ni toleo la 5. Hulipi hata senti, ikishaingia kwenye mashine haikudai intaneti tena, na laptopu yangu ya RAM GB 4 inaibeba bila feni kupiga kelele.

Sasa ya kwanza iliyonifedhehesha, na kosa ni langu mwenyewe. Programu ukiifungua inakuja na vipimo vya Kimarekani, futi za ujazo kwa sekunde, ekari, inchi. Mie nkaingiza mvua yangu milimita 90 kwa saa na eneo hekta 5, nkarani (yani nkaiendesha hesabu), yakatoka mafuriko ya Nabii Nuhu, kumbe yeye kaisoma mvua ya inchi 90 kwa saa! Kabla hujachora chochote badilisha kipimo cha mtiririko kiwe CMS (mita za ujazo kwa sekunde) au LPS (lita kwa sekunde), vyengine vyote vitafuata kwa metriki. Na ufanye mwanzo, mana ukibadilisha baadae namba ulizokwisha kuandika hazijigeuzi, zinabaki vile vile, utazirudia moja moja.

Kazi yenyewe ilikuwa mtaa mmoja wa Ng'ambo, mabati matupu na simenti, udongo wa kunywa maji hamna, mdomo wa bomba uko pwani. Kwa mkono unapata picha haraka tu: mgawo wa maji yanayotiririka tuseme 0.7, mara 90, mara hekta 5, gawa kwa 360, inakuja kama mita za ujazo 0.88 kwa sekunde. Bomba la zege la milimita 600 kwa mteremko wa 1 kwa 200 likijaa linapitisha kama 0.43, yani nusu. La 900 linapitisha kama 1.28. Basi nkachora 900, michoro mizuri, chemba zimepangika, bosi kafurahi, nkaona nimemaliza.

Siku tunayokwenda kuhakiki levo, yani urefu wa ardhi juu ya bahari, kuna mzee kakaa barazani anatuangalia na kile kifimbo cha kupimia. Shikamoo mzee, marahaba mwanangu, mnafanya nini? Nkamueleza. Akauliza, bomba lenu linatokea wapi? Nkamuonesha. Akacheka. "Mwanangu, hapo bamvua saa kumi jioni bahari ndo inaingia, hilo bomba litakunywa chumvi." Na kweli, sie huku maji ya bamvua yanajaa saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, kila mtoto wa pwani anajua, na baina ya kujaa na kupwa ni karibu mita 4, sasa mie nimezaliwa Malindi nikaja kusahau bahari kwenye hesabu! Haya, na Darajani penyewe paliitwa hivyo kwa sababu palikuwa na daraja, bahari ikipita hapo kabla ya kufukiwa.

Hapa ndipo programu hii iliponikamata moyo. Kwenye mdomo wa bomba unaweza kuchagua namna bahari inavyokaa: wazi, levo moja isiyobadilika, au levo za kujaa na kupwa unazoziandika saa kwa saa. Nkachukua jedwali la maji ya bahari nkaingiza, nkarani, hakikubadilika kitu. Nkarani tena. Siku nzima nahangaika, kumbe nimeacha njia ya hesabu ya kinematiki wevu, na hiyo haijui maji kurudi nyuma, kwake maji yanateremka tu hata ukiziba mdomo na gunia. Weka dainamiki wevu, hiyo inahesabu na maji yanayorudi nyuma, hatua ya muda punguza, mie natumia sekunde 5. Baada ya hapo nkafungua picha ya bomba kwa ubavu nkaiendesha kama sinema, wallahi nlimuona yule mzee: maji yanapanda kutoka baharini mpaka chemba ya 3, mvua inakuja juu yake, chemba mbili za chini zinatapika barabarani. Bomba ni lile lile 900 ambalo kwenye karatasi lilikuwa linacheka.

Kuna mtego mwengine hapo hapo na huu umewanasa wengi. Jedwali la bahari linahesabu kuanzia maji ya chini kabisa, levo za wapimaji zinaanzia usawa wa wastani wa bahari, baina yao kwetu ni kama mita 2 hivi. Usipotoa hiyo tofauti bomba lako litaonekana limezama siku nzima. Na hizo levo za saa 24 zinajirudia kila siku vile vile, wakati bahari yenyewe inachelewa kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo ukitaka kurani wiki nzima tumia taimu siris (orodha ya levo kwa tarehe na saa zake) badala yake.

Tulivyomaliza: tukaweka kifuniko cha mlango wa upande mmoja kwenye mdomo ili bahari isiingie (programu inacho, unatia tiki tu) lakini kifuniko kikifunga maji ya mvua nayo yanataka pa kusubiri, ikabidi tutafute kiwanja juu kidogo tuchimbe bwawa la kuyashika kwa zile saa 2 au 3 mpaka bahari ianze kupwa. Kukipata hicho kiwanja ni hadithi nyengine, sheha anaijua.

Isichokifanya sasa. Haichori michoro ya kumpa kontrakta, ile picha ya ubavu ni ya kuangalia tu haina skeli, haina kichwa cha mchoro. Mie mitaro nachora kwenye programu ya kuchorea, ramani na mipaka ya maeneo yanayoteremshia maji kwenye mtaro natengeneza QGIS, programu ya ramani ambayo nayo ni bure, namba nazihamisha kwa mkono. Faili la data la SWMM, la INP, ni maandishi matupu linafunguka hata kwa Notepad, ukizoea unabandika chemba 40 kutoka Excel kwa dakika. Angalia tu ramani za zamani zilizopimwa kwa Arc 1960 (mfumo wa zamani wa kupimia mahali) usizichanganye na GPS ya WGS 84 (mfumo wa sasa), zinapishana mamia ya mita, mtaro wako utajikuta juu ya nyumba ya mtu. Zoni yetu ya ramani (UTM) ni 37 kusini.

Kila ukirani soma ile ripoti ya mwisho, kosa la uwiano wa maji (tofauti ya yaliyoingia na yaliyotoka au kubaki) likipita asilimia 10 matokeo usiyaamini, mie hata 2 inaninyima usingizi.

Halafu programu inadhani mtaro ni msafi. Ukiweka ukwaruzo (namba ya Manning ya jinsi ukuta unavyoyapunguza maji mwendo) wa 0.013 wa zege jipya unajidanganya, mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku zamani lakini chupa za maji bado zimo humo humo pamoja na mchanga. Kwa mtaro wa wazi mie naanza na 0.020 halafu narani tena kina kikiwa kimepungua robo. Mwenzangu anaefanya kazi Chake Chake anasema kwao vilima na udongo ndo unaoshuka, robo ni kidogo, yeye anapunguza theluthi, na kabla ya vuli anapita mwenyewe na kijiti kupima tope limefika wapi ndo anarudi kwenye laptopu.